Kazi ya Kuudhi

Barua ya baraza la mji ilifika Jumatatu, siku ambayo jiko la Hetty Ormerod hulala baridi, kwa kuwa Jumapili meli za uvuvi hazishushi samaki na Jumatatu hakuna cha kukaanga. Hetty alikuwa amepiga magoti akikwangua masizi. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko, basi akamwachia mumewe Wilf aifungue.

Wilf aliisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti. Kamati ya Afya ya mji wa Ashenclough ilikuwa imepokea malalamiko ya maandishi juu ya duka la samaki na chipsi lililo sebuleni mwa nyumba namba kumi na nne, Mtaa wa Shuttle. Kwa vile kukaanga samaki ni moja ya kazi za kuudhi zilizotajwa katika sheria ya mji, mwenye duka alitakiwa kufika mbele ya kamati Alhamisi saa tisa alasiri. Kamati isiporidhika, kibali kingefutwa na jiko lingezimwa siku hiyohiyo.

"Kazi za kuudhi," Hetty alisema. "Wameandika hivyo hivyo?"

"Ndivyo sheria inavyosema. Tumewekwa fungu moja na wachemsha mifupa, na wakausha damu, na watu wa gundi."

"Na wao wenyewe Ijumaa wanakula nini?"

Wilf alitaka kucheka, kikohozi kikamkamata. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na minane katika chumba cha kuchambulia pamba, na vumbi la pamba halikumwacha hata baada ya yeye kuliacha. Sasa kazi yake ilikuwa kumenya viazi uani, ndoo baada ya ndoo, amekaa juu ya kisanduku, mikono ndani ya maji baridi. Alikuwa akimenya taratibu sana. Hetty alikuwa hamwambii kitu.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia, wafumaji mia tatu wakatoka siku moja. Posho ya serikali ya Hetty ilikwisha, akiba yao yote ikaingia kwenye jiko hili kuukuu la makaa, na tangu hapo nyumba ilikuwa ikila kutoka mkono wake. Jiko likizimwa, kilichobaki ni wale mabwana wa msaada wa maskini kuja na daftari kuhesabu viti vinavyoweza kuuzwa na kuuliza kwa nini familia ya watu watatu inahitaji saa ya ukutani.

Hetty alinawa mikono. Hakuuliza ni nani aliyeandika malalamiko. Alijua.

*

Nyumba namba kumi na sita, iliyoshikana nao ukuta, ilikuwa ya mjane Alma Sagar. Kwa miaka kumi na tisa Hetty na Alma walikuwa wamesimama kiwandani bega kwa bega, kila mmoja na mitambo yake minne ya kufuma. Ndani ya kelele ile hata mtu akikupigia tarumbeta sikioni husikii, hivyo wafumaji wa mji ule walisema kwa midomo, bila sauti, wakikunja nyuso na kunyanyua nyusi, na waliweza kusengenyana kutoka mwisho huu wa jumba hadi ule. Hetty alimwambia Alma kwa midomo kwamba ana mimba ya binti yake Annis kabla hajamwambia mumewe. Alma alimwambia Hetty kwa midomo kwamba mume wake amekufa, kisha akarudi kufunga uzi uliokatika, kwa sababu mtambo hausubiri msiba.

Kiwanda kilipofungwa, Alma aligeukia kufua mashuka ya nyumba za kilimani. Hetty aligeukia samaki. Na hapo ndipo balaa ilipoanza, maana mafuta ya ng'ombe yakichemka hayaombi ruhusa ya kuvuka ukuta.

Wiki tatu kabla ya barua ile, Alma alikuja ukutani na shuka mkononi. Alisema mke wa daktari amelirudisha, amedai limelaliwa na samaki. Alisema kwa upole. Lakini ilikuwa Ijumaa, watu wamepanga foleni hadi kwenye kona, Hetty ameungua kidole gumba, na moto umeanza kufifia. Hakugeuka hata kumtazama.

"Kama harufu inakuudhi, Bi mkubwa, hamia kilimani."

Watu wa foleni walicheka. Alma alilikunja shuka lake pembe kwa pembe, akaingia ndani. Hetty alitamani kulirudisha neno lile kabla hajamaliza kulitamka, lakini neno likitoka halirudi, na yeye alikuwa amechoka mno kwenda kugonga mlango wa mtu. Kesho, alijiambia. Na kesho ilikuwa Jumamosi, ikaja na foleni yake.

*

Alhamisi asubuhi Hetty aliosha nywele kwa magadi, akazisuuza kwa siki, ileile ya kunyunyizia chipsi, ili kuua harufu. Binti yake Annis alimsaidia kuzifunga. Annis alikuwa na miaka kumi na sita na aliuza utepe na vifungo katika duka la vitambaa mtaa mkuu. Mwenye duka alikuwa amemwomba, kwa adabu zote, awe anasimama karibu na mlango, kwenye hewa.

"Mama, siki inanuka," Annis alisema.

"Inanukia usafi."

"Inanuka chipsi, Mama."

Wakatazamana kwenye kioo. Hakukuwa na muda wa kuosha tena.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, mabwana saba nyuma yake, na mabenchi mawili yakitazamana, moja huku na moja kule. Hetty na Wilf walikaa hili. Alma alikaa lile peke yake, amevaa shali nyeusi ya msibani, mikono yake iliyobambuka kwa sabuni ameificha chini yake. Hakumtazama mtu. Bwana Duckworth, mkaguzi wa afya, kijana mwenye masikio makubwa, alisimama na kusoma ripoti: jiko safi, dohani fupi, harufu ya kawaida kwa kazi ya namna hiyo.

"Kawaida ni kiasi gani?" mwenyekiti aliuliza. Alikuwa mzee mnene mwenye duka la mbao. "Bi Ormerod, hebu sogea hapa mezani."

Hetty alidhani anatakiwa kutia saini. Alisogea. Mwenyekiti aliinamisha uso mbele, akavuta pumzi kwa pua mara mbili, kama mtu anayekagua nyama buchani, kisha akamgeukia jirani yake wa kulia, naye akafanya vilevile.

"Ahsante. Unaweza kurudi."

Kutoka mezani hadi kwenye benchi zilikuwa hatua saba. Hetty alizitembea zote akiwa wima, lakini shingo yake iliwaka moto na macho yakamjaa maji. Hajawahi kuona aibu kama ile, hata siku ya kupokea posho. Wilf alimwona, na kwa hasira akasimama bila kuitwa.

Wilf alikuwa amejiandaa. Alikuwa mtu wa kusoma magazeti yale yale waliyofungia chipsi, na alijua mambo. Aliwaambia waheshimiwa kwamba samaki wa kukaanga alikuja nchi hii na Mayahudi waliofukuzwa Ureno, wakimla baridi siku ya Sabato. Kwamba viazi vya kukaanga ni vya watu wa huku kaskazini, na kwamba watu wa London na wa Mossley wanagombana mpaka leo ni nani wa kwanza kuviunganisha hivyo viwili. Kwamba wakati wa vita vikuu serikali yenyewe ilihakikisha wakaangaji hawakosi samaki wala viazi, kwa sababu ilijua mtu mwenye njaa hatulii. Na sasa amani imerudi, imekuwa kazi ya...

Kikohozi kikamkata. Kilimkata muda mrefu. Mabwana saba walitazama karatasi zao.

"Bwana Ormerod," mwenyekiti alisema, "hatukuja darasani. Kaa, ndugu yangu, upumzike. Bi Sagar, simama utueleze hasara yako."

Alma alisimama. Kwa mara ya kwanza macho yake yakakutana na ya Hetty, na Hetty, bila kupanga, akafungua kinywa na kusema bila sauti kama walivyosema miaka kumi na tisa:

*Nilikosa. Pale ukutani. Nilikosa.*

Alma hakuonyesha dalili yoyote. Mwenyekiti alikuwa akitafuta miwani yake.

*Jumanne pia nitazima jiko,* Hetty alisema kwa midomo. *Jumatatu na Jumanne. Uanike.*

Uso wa Alma ulikunjamana kidogo. Midomo yake ikasogea.

*Na Jumatano.*

*Jumatano siwezi. Mchana wa Jumatano nina watu wa reli.*

*Jumatano mpaka saa kumi. Mashuka mazito hayakauki kwa siku mbili.*

*Saa nane.*

*Kumi.*

"Bi Sagar," mwenyekiti alisema, miwani imepatikana, "unatafuna kitu?"

"Hapana, bwana. Meno yananisumbua."

Bwana Duckworth alikuwa ameinamia faili lake na masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu. Hetty alimtazama Wilf, akaangalia dari, akahesabu mchana wa Jumatano na siku nzima ya Jumanne vikiondoka mfukoni mwake kila wiki. Ilikuwa kama theluthi ya biashara. Lakini theluthi mbili ni chakula, na kibali kikifutwa ni njaa. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

*Kumi,* alisema.

Alma alivuta pumzi. Aliiambia kamati, kwa sauti sasa, kwamba barua aliiandika kwa hasira. Kwamba Bi Ormerod ni mtu safi, na kwamba hukaanga kuanzia Jumatano saa kumi mpaka Jumamosi, na yeye Alma hufua na kuanika kabla ya hapo. Kwamba shuka moja lilikuwa limesahaulika kambani. Hana tena malalamiko.

"Ni kweli, Bi Ormerod? Huwashi moto kabla ya Jumatano saa kumi?"

"Ni kweli, bwana."

"Basi tuliandike hivyo." Akaagiza liandikwe ndani ya kibali chenyewe, kama sharti: jiko lisiwashwe tangu Jumapili mpaka Jumatano saa kumi jioni, kwa ajili ya kulinda kazi ya kufua ya nyumba namba kumi na sita. Atakayevunja, kibali kimekufa.

Kwenye ukumbi wa nje Bwana Duckworth aliwafungulia mlango. Alimsubiri Wilf apite, kisha akamtazama Hetty na kusema kwa midomo tu, polepole, kama mtu anayezungumza lugha ya utotoni:

*Mama yangu alifuma miaka thelathini.*

Alma alikuwa ameshatangulia. Hawakurudi pamoja. Alitembea upande wa pili wa barabara, na Hetty alipunguza mwendo ili asimpite.

*

Jumanne iliyofuata jiko lilikuwa baridi na nyumba ilikuwa kimya. Wilf alikuwa uani, hana hata kiazi cha kumenya. Mwanamume mmoja wa reli aligonga, akaambiwa leo hakuna, akaenda akinung'unika kwa mkaangaji wa kule chini darajani, ambaye watu husema mafuta yake yana umri mkubwa kuliko wateja wake.

Hetty alitoka kumwaga majivu, akachungulia juu ya ukuta. Alitarajia kuona kamba zimejaa mashuka ya daktari na ya meneja wa benki, meupe, yamepigwa pasi na upepo. Kulikuwa na shuka moja. Lilikuwa na kiraka pembeni, kiraka cha kitambaa chenye maua, na Hetty alikijua, maana ni yeye aliyempa Alma kipande kile kutoka kwenye gauni la utotoni la Annis. Jana Jumatatu pia lilikuwa pale pale. Alidhani ni la kwanza tu, mengine yanakuja.

Jioni Annis alirudi kutoka dukani, akavua kofia na kusema kwamba leo ameona gari jipya la kampuni ya kufua kwa mvuke, limepakwa rangi ya buluu, likipanda kilimani. Mwenye duka lake alisema nyumba zote kule zimejiunga. Mashuka ya kwanza yalichukuliwa Jumatatu ya wiki iliyopita.

Hetty aliketi. Jumatatu ya wiki iliyopita ilikuwa siku ya barua. Alhamisi, Alma aliposimama mbele ya kamati na kung'ang'ania saa kumi kwa ajili ya mashuka mazito, hakuwa na shuka hata moja la mtu.

Kwanza ilimjia hasira, na hatumlaumu, maana alikuwa ametoa siku mbili na nusu za wiki, Jumatatu aliyokuwa hana na Jumanne na mchana wa Jumatano aliokuwa nao, kununua hewa. Alimwambia Wilf. Wilf alijipiga kofi gotini.

"Basi yamekwisha hayo. Aende kwa baraza kesho, awaambie hafui tena. Sharti linaondoka, tunakaanga Jumanne ijayo."

"Awaambieje?"

"Kwa mdomo wake. Kama alivyosema mara ya kwanza."

"Asimame pale mezani," Hetty alisema, "mbele ya wale wanaume, aseme, mimi Alma Sagar sina kazi. Nimekuja kuwataarifu kwamba sina kazi. Na wao waandike."

"Sisi tulisimama."

"Ndiyo. Ndiyo maana."

Wilf akaenda kutia makaa kidogo kwenye jiko dogo la jikoni ili wapashe chai. Hawakulizungumza tena.

*

Ijumaa mchana foleni ilifika kwenye kona kama kawaida. Walikuwapo Wakatoliki wa Mtaa wa Chapel, ambao Ijumaa hawagusi nyama na kila wiki hula samaki aliyekaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na Hetty hajawahi kuona ni busara kuwakumbusha. Walikuwapo wanawake na mabakuli yao, kila mmoja amelifunika kwa kitambaa, maana mtaani kwao gazeti lilikuwa la wapita njia na mwenyeji alikuja na bakuli lake. Hetty alikuwa akiyajua mabakuli yote kama mtu anavyojua nyuso. Alitumbukiza samaki kwenye rojo la unga, akawalaza kwenye mafuta, akanyunyiza chumvi na siki, akapokea peni, akasema anayefuata.

Likaja bakuli lenye mstari wa buluu na pengo ukingoni. Akainua macho. Alma alikuwa amevaa shali ya kila siku. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu kumi na wawili, na wawili kati yao walikuwapo siku ile foleni ilipomcheka pale ukutani.

Alma aliliweka bakuli juu ya kaunta. Hakutoa sarafu. Midomo yake ikasogea kidogo sana.

*Chenga tu.*

Chenga ni vile vipande vya rojo vinavyokatika na kuelea juu ya mafuta. Mkaangaji huvichota kwa chujio na kuvitoa bure. Huombwa na watoto, na huombwa na watu ambao hawana cha kuomba kingine. Katika miaka yote Hetty hajamwona Alma akiomba chochote, isipokuwa saa kumi.

*Tangu lini?* Hetty aliuliza bila sauti.

*Unajua tangu lini. Uliona kamba.*

Hetty alichukua bakuli na kuwageuzia watu mgongo. Alitia vipande viwili vya samaki, vile vinene vya katikati alivyokuwa amemwekea Wilf. Akatia chipsi juu yake, akakandamiza. Kisha akachota chenga kwa chujio mara tatu na kuzimwaga juu mpaka kila kitu kikafunikwa, zikabaki chenga tupu za rangi ya dhahabu. Alilirudisha kaunta, kila mtu akaona, na mmoja wa wale wawili akaguna.

Alma alilishika bakuli. Chenga hazina uzito, na hili lilikuwa zito. Alisimama nalo bila kusogea, mikono yake iliyobambuka imelizunguka. Hetty alitamani kumkumbatia na hakuweza, kulikuwa na kaunta kati yao na foleni nyuma.

*Umezidisha,* Alma alisema kwa midomo.

*Nenda, itapoa.*

"Anayefuata," Hetty alisema kwa sauti.

*

Jumanne shuka lenye kiraka lilikuwa kambani tangu asubuhi, limeloweshwa maji upya ili lichuruzike kama shuka la kazi. Kibali kilikuwa kimetundikwa ukutani ndani ya fremu ya picha ya harusi, kwa sababu hapakuwa na fremu nyingine. Wilf alikuwa amelala. Saa sita mchana yule mtu wa reli aligonga tena, na nyuma yake wenzake wanne, wana njaa na wana fedha mkononi.

"Bi Ormerod, makaa unayo, viazi unavyo, nimeviona hapo uani. Tatizo ni nini leo?"

Hetty alisimama mlangoni na aproni yake safi. Dirisha la namba kumi na sita lilikuwa wazi kidogo, na nyuma ya pazia mtu alikuwa amesimama. Hetty alipaza sauti kuliko ilivyohitajika.

"Leo hatukaangi," alisema. "Jirani yangu ana nguo kambani."